Mnunuzi wa Ardhi ya Serikali: Haki Zake na Mipaka Yake

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Amu. Imepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama wasiowahi kufika.



Halmashauri ya Tawi imenitaka niseme juu ya ardhi. Huenda mtu akauliza: chama cha wafanya kazi na mambo ya ardhi wapi na wapi? Kazi yetu si mshahara, saa za kazi na malipo ya uzeeni? Jawabu ni hili. Mshahara ukishalipwa huenda wapi? Mfanya kazi akipata kiinua mgongo chake, au akikopa katika chama cha akiba na mikopo, jambo la kwanza analolitaka ni kiwanja. Tangu jiwe la msingi la bandari mpya lilipowekwa tarehe 2 Machi 2012, na tangu meli za kwanza zilipofunga gati mwezi wa Mei 2021, madalali wamekuwa wengi kuliko viwanja. Viwanja vya Hindi, vya Mokowe, vya Kililana, hata vya Manda, huuzwa barazani juu ya kahawa. Mtu aweza kupoteza kazi ya miaka thelathini kwa alasiri moja. Basi jambo hili ni letu.

Neno langu kubwa leo ni moja, nami nitalirudia: mnunuzi hapati zaidi ya kile alichokuwa nacho muuzaji kwa haki. Na katika ardhi ya umma, hata Serikali yenyewe si mwenyewe. Serikali ni msimamizi.

ARDHI HII ILIKUJAJE KUWA YA SERIKALI?

Yatupasa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1895 Waingereza walifanya mapatano na Sultani wa Unguja, wakaanza kuutawala mwambao wake, Amu na visiwa vyake vikiwamo. Mwaka 1908 ikatungwa sheria ya hati za ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake mbele ya mwandishi wa Serikali, na vipande ambavyo hakuna aliyevidai vikahesabiwa kuwa mali ya Taji la Uingereza.

Fikirini nani aliweza kudai. Mwenye nyumba ya mawe mjini, mwenye shamba la minazi lenye mpaka, mwenye karatasi ya kadhi, huyo aliweza. Lakini Mbajuni aliyelima bara msimu wa mvua na kurudi kisiwani, Mboni aliyeishi kwa asali na mwitu, hao hawakuwa na karatasi wala mpaka wa ukuta. Ardhi yao ikaandikwa kuwa haina mwenyewe. Tarehe 8 Oktoba 1963 Sultani aliachilia haki zake za mwambao, na tarehe 12 Disemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Ardhi ya Taji ikawa ardhi ya Serikali, watu wakiwa wangali juu yake.

Kisha ikaja vita ya shifta katika miaka ya 1960, na vijiji vya Wabajuni vya bara vikahamwa, watu wakakimbilia visiwani. Aliyepita baadaye aliona mwitu, akasema hapana mtu. Katika miaka ya 1970 Serikali ikafungua makazi ya Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni, na baadaye Hindi na kwingineko, watu wakagawiwa mashamba. Sisemi haya ili kuchochea ndugu na ndugu. Twajua fitina ya ardhi imetufikisha wapi, na msiba wa Mpeketoni wa Juni 2014 hatujausahau. Nayasema ili mnunuzi ajue kwamba hapa kwetu kipande kinachoitwa “tupu” katika ramani huenda hakikuwa tupu hata siku moja.

SERIKALI NI MSIMAMIZI

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 61, yasema ardhi yote ya Kenya ni mali ya watu wa Kenya, na imegawanyika mafungu matatu: ya umma, ya jumuiya, na ya watu binafsi. Kifungu cha 62 chataja ardhi ya umma ni ipi, na chasema inashikwa kwa amana na Serikali ya Kaunti au Serikali ya Taifa, na kuangaliwa na Tume ya Ardhi ya Taifa. Tena chasema ardhi hiyo haitatolewa wala kutumiwa ila kwa kufuata sheria iliyotungwa na Bunge.

Watu wa Amu hawana haja ya wakili kuwaeleza maana ya amana. Twajua wakfu. Shamba likiwa wakfu wa msikiti, yuko msimamizi. Yeye hukodisha, hukusanya nazi, hutengeneza paa. Je, aweza kumwuzia rafiki yake kwa barua aliyoiandika usiku? Akifanya hivyo, aliyenunua amenunua nini? Amenunua karatasi. Afisa wa Serikali naye, awe mdogo au mkubwa, ni msimamizi tu. Akitoa ardhi nje ya sheria, hakutoa kitu, maana hakuwa na kitu cha kutoa.

ARDHI ISIYOUZWA

Iko ardhi ambayo mnunuzi asipoteze hata nauli ya mashua kwenda kuitazama.

Kwanza, pwani iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa. Katiba yenyewe imeitaja kuwa ya umma. Mwenye hoteli aweza kuwa na kiwanja juu ya ufuo, lakini mchanga unaofunikwa na maji si wake, wala hana haki ya kumfukuza mvuvi anayekokota dau lake.

Pili, mikoko. Mikoko ilitangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932, ikatangazwa tena mwaka 1964. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imeitaja pamoja na ardhi oevu na hifadhi kuwa haigawiwi. Ndugu zetu wakata boriti hukata kwa leseni. Leseni ni ya miti, si ya ardhi.

Tatu, mahali maji yanapopatikana. Vilima vya mchanga vya Shela ndivyo vinavyoshika maji ya mvua yanayokunywewa na mji wa Amu. Mtu akimwaga zege juu yake, visima vya mji mzima vitaonja. Katiba imeweka vyanzo vya maji katika ardhi ya umma.

Nne, barabara na njia, mahali wavuvi wanaposhusha samaki, na mahali pa kale kama magofu ya Takwa kule Manda.

Dalali akikuonyesha kiwanja katika mahali hapa, hata awe na hati yenye muhuri mwekundu, mwambie asante na uende zako.

INATOLEWAJE KWA HAKI?

Ardhi ya umma iliyo halali kutolewa ina njia zake. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 12, yazitaja: mnada wa hadhara, maombi ya kundi maalumu la watu wenye shida, zabuni iliyotangazwa, kura ya hadhara, mashindano ya mapendekezo yaliyotangazwa, au kubadilishana ardhi kwa ardhi ya thamani sawa. Angalieni neno “hadhara” linavyorudi. Hakuna njia inayoitwa “najuana na mtu ofisini”.

Kabla ya kugawa, ardhi iwe imepangwa na kupimwa, na tangazo litolewe kwa umma siku zisizopungua thelathini. Siku hizo ni za nani? Ni zako wewe uliye na kisima pale, na zako wewe mwenye miembe. Basi chama kiwe na mtu wa kusoma Gazeti Rasmi la Serikali, na matangazo hayo yasomwe mkutanini kama tunavyosoma barua za waajiri.

Anayepewa kwa njia hizi kwa kawaida hupewa ukodi wa miaka, na pamoja nao masharti: jenga nyumba, au lima, au fungua kiwanda, lipa kodi ya ardhi kila mwaka. Sheria yasema ardhi iliyogawiwa haitauzwa, haitapangishwa wala kukatwa vipande kabla haijaendelezwa kwa kazi iliyotolewa. Isipoendelezwa kwa masharti yake, hurudi kwa Serikali. Kwa hiyo mtu aliyegawiwa eka mia jana, na leo anakuuzia nusu eka ya vichaka, ana maswali ya kujibu.

Kwa mashamba ya makazi ya Serikali jihadharini zaidi. Sheria ya 2012 ilipotungwa iliweka neno kwamba shamba la makazi halihamishwi ila kwa urithi. Aliyegawiwa na hajamaliza deni lake hana cha kukukatia. Ukiambiwa “tutaandikiana kwa chifu, hati itakuja”, kumbuka kwamba chifu hatoi ardhi.

BARUA YA KUGAWIWA SI HATI

Hapa ndipo wenzetu wengi walipozama. Barua ya kugawiwa ni ahadi. Yasema: tunakupa kipande hiki ukikubali kwa maandishi, ukalipa kiasi hiki, kabla ya siku fulani. Mtu asipotimiza, ahadi imekufa. Hata akitimiza, bado yapo mambo ya kupimwa na kuandikishwa.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilikata neno hili tarehe 22 Septemba 2023 katika kesi ya kampuni ya Torino Enterprises. Kampuni hiyo ilinunua ardhi ya Embakasi, Nairobi, kwa mwenye barua ya kugawiwa, na ardhi yenyewe ilikuwa mikononi mwa jeshi. Mahakama ilisema barua ya kugawiwa haimpi mtu milki, wala si kitu cha kuuzwa na kununuliwa. Kampuni kubwa, yenye mawakili, ikatoka mikono mitupu. Je, sisi wa mishahara ya mwezi?

HATA HATI YENYEWE HUULIZWA ASILI YAKE

Wako wasemao: “Mimi sinunui barua, nanunua hati. Hati imetoka Serikalini. Serikali ikatae karatasi yake yenyewe?”

Hoja hii ina nguvu, na zamani ilishinda mara nyingi. Lakini tazameni yaliyotokea. Tume iliyoongozwa na Bwana Ndung'u, iliyotoa taarifa yake mwaka 2004, ilikadiria kwamba hati kama 200,000 zilitolewa isivyo halali kati ya mwaka 1962 na 2002. Zote hizo zilikuwa na muhuri. Kwa hiyo Katiba ya 2010, kifungu cha 40, baada ya kulinda mali ya kila mtu, ikaongeza kwamba ulinzi huo hauifikii mali iliyoonekana kupatikana isivyo halali. Na Sheria ya Kuandikisha Ardhi ya 2012, kifungu cha 26, yasema hati yaweza kuvunjwa ikiwa ilipatikana kwa njia isiyo halali, au bila kufuata utaratibu, au kwa rushwa.

Kesi ya karibu nasi ni ya Nyali, Mombasa. Kiwanja kilicho kando ya bahari kilitolewa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati ule, Daniel arap Moi, kikauzwa kwa kampuni moja, nayo ikauza kwa nyingine, Dina Management. Hii ya mwisho ilikuwa na hati na ukuta. Mwaka 2017 Serikali ya Kaunti ya Mombasa ikabomoa ukuta ili watu wapate njia ya kwenda pwani. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 21 Aprili 2023 ikakatwa: kiwanja kilikuwa mahali pa wazi pa umma, ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, basi hata mnunuzi wa mwisho aliyelipa fedha zake hakupata milki inayolindwa.

Na hapa Lamu? Tarehe 31 Julai 2014 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kufutwa kwa hati za eka kama 500,000 za kaunti yetu, zilizotolewa kwa makampuni 22 katika miaka ya 2011 na 2012. Eka nusu milioni, ndugu zangu! Kama mtu alikuwa amenunua kipande kwa mojawapo ya makampuni hayo, usingizi wake usiku ule ulikuwaje?

HAKI ZA MNUNUZI WA HALALI

Sikuja kuwatisha watu wasinunue. Mnunuzi aliyefuata sheria ana haki nzito, na chama kiko tayari kuzisimamia.

Moja: Serikali ikiitaka ardhi yake kwa kazi ya umma, kama barabara au bandari, ni lazima imlipe fidia kamili na ya haki, tena bila kuchelewa.

Mbili: hati yake haivunjwi kwa tangazo la redio peke yake. Ana haki ya kuarifiwa, kuelezwa sababu, na kusikilizwa, kisha ana mlango wa mahakama.

Tatu: aweza kujenga, kuweka rehani, kurithisha, kwa kadiri ya masharti ya ukodi wake. Miaka ikikaribia kwisha, kama ni raia na Serikali haiihitaji ardhi hiyo, yeye ndiye wa kwanza kufikiriwa kupewa tena.

Nne: akidanganywa, aweza kumshitaki muuzaji arudishe fedha. Lakini haki hii ni ya mwenye ushahidi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Wageni nao wana mpaka wao. Kifungu cha 65 cha Katiba chasema asiye raia hashiki ardhi ila kwa ukodi usiozidi miaka 99, na kampuni haihesabiwi kuwa ya raia ila ikiwa yote ni mali ya raia. Kwa hiyo mwanachama akiombwa na mgeni “azima jina lako tu tuandikishe kiwanja hiki”, akatae. Jina la mfanya kazi si mwavuli wa kukodisha. Kesi ikija, aliyeandikwa ndiye atakayeitwa.

NA YULE ANAYEKAA BILA KARATASI?

Wengi wetu hatununui. Sisi ndio tunaokutwa juu ya ardhi iliyonunuliwa. Nasi tuambiane kweli. Ile kanuni kwamba mtu akikaa miaka 12 bila kusumbuliwa aweza kudai milki, hiyo ni kwa ardhi ya mtu binafsi. Juu ya ardhi ya umma haifanyi kazi, hata ukae miaka mia.

Lakini kutokuwa na hati si kutokuwa na haki. Katiba yenyewe yasema ardhi ikitwaliwa kwa kazi ya umma, yaweza kulipwa fidia hata kwa aliyekaa kwa nia njema bila hati. Kuondolewa katika ardhi ya umma kwahitaji tangazo la maandishi na la hadharani miezi mitatu kabla. Na kumbukeni wavuvi wetu: tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.76 wavuvi kama 4,600 walioharibiwa kazi yao na ujenzi wa bandari. Mvuvi gani ana hati ya bahari? Walishinda kwa sababu walisimama pamoja, wakaandikishana majina, wakaenda kama watu wamoja.

MASHAURI

Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanyeni haya:

1. Nendeni ofisi ya ardhi mkafanye sachi, yaani mtazame daftari lenyewe la Serikali, si nakala ya dalali. Ulizeni pia ardhi ilitolewa mara ya kwanza lini, kwa nani, kwa kazi gani. Kama asili haionekani, simameni hapo.

2. Chukueni mpimaji mwenye leseni awaonyeshe bikoni juu ya ardhi. Kiwanja cha karatasini na kiwanja cha mguuni mara nyingine ni viwili.

3. Ulizeni wazee wa kijiji cha karibu. Nani alilima hapa? Kisima hiki ni cha nani? Njia hii yaenda wapi? Wazee hawatozi ada, na huyajua yasiyo katika ramani.

4. Someni masharti ya ukodi: miaka mingapi imebaki, kodi imelipwa, idhini ya kuuza imetolewa. Kwa shamba la kilimo, kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi sita ya mapatano, ama mapatano hayana nguvu.

5. Lipeni kwa benki, mbele ya wakili wenu ninyi, si wakili wa muuzaji. Fedha za mkononi hazina shahidi.

6. Mke na mume wajue pamoja. Nyumba ya jamaa haiuzwi wala kuwekwa rehani kwa siri.

7. Wanachama mnaotaka kununua kwa kikundi, leteni karatasi zenu tawini kwanza. Gharama ya wakili mmoja kwa watu ishirini ni ndogo. Gharama ya kesi ishirini ni msiba.

Na jambo la mwisho. Mnunuzi mwenye haki ajiulize swali ambalo ofisi haitamwuliza: nikiweka ukuta hapa, namfungia nani? Twadai waajiri watutendee haki. Haifai mfanya kazi amzibie mfanya kazi mwenziwe njia ya maji. Aliyepanda mwembe pale aitwe, asikilizwe, apatane na mnunuzi mbele ya mashahidi. Mapatano hayo yaweza kumlinda mnunuzi kuliko ukuta.

Ndugu zangu, msimamizi wa amana huwa mwaminifu akijua wenye mali wako macho. Wenye mali ya ardhi ya umma ni sisi. Yeyote mwenye karatasi ya kiwanja asiyoielewa, aje nayo ofisini kwetu kabla hajalipa, si baada ya kulipa.

Umoja ni nguvu.